Mtoto wa Ridgeback anayeshtuka akisinzia: tudai majibu ya wazazi kabla ya kulipa

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya kuuza watoto wa mbwa aina ya Rhodesian Ridgeback yanafanana: wiki nane, wamechanjwa, wameshapewa dawa ya minyoo, mstari wa manyoya wa mgongoni umenyooka, mama yupo, njoo umwone. Mimi ni daktari wa mifugo, na naomba nafasi nieleze kitu kimoja ambacho mnunuzi anapaswa kukidai na ambacho sikioni katika matangazo hayo, nacho ni majibu ya kipimo cha vinasaba cha kifafa cha utotoni, ya baba na ya mama. Maabara hukiandika kwa herufi tatu, JME.

Asili ya mbwa hawa ni kusini mwa Afrika, na vigezo vya aina yao viliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Huku kwetu wanafugwa mashambani, kambini na katika nyumba zenye uwanja mkubwa. Wenye damu safi si wengi. Dume mmoja akisifika, majike wa wilaya nzima hupelekwa kwake, na baada ya vizazi viwili au vitatu mbwa wanaopandishwa ni ndugu bila wenye mbwa kujua. Ugonjwa wa kurithi unaohitaji nakala mbili za kasoro, moja ya baba na moja ya mama, hupata nafasi hapo hapo.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa mwaka 2017 na watafiti wa vyuo vikuu vya Munich nchini Ujerumani, Helsinki nchini Finland na Guelph nchini Kanada. Walikuta kwamba mbwa wagonjwa wamepungukiwa na herufi nne tu za DNA katika kinasaba kiitwacho DIRAS1. Dalili huanza kati ya wiki 6 na miezi 18. Mtoto anauzwa akiwa na wiki 8, kwa hiyo anaweza kutoka kwa mfugaji akiwa mzima machoni kabisa, na atakayeuona ugonjwa ni mnunuzi. Hata mfugaji mwaminifu, asiyeficha kitu, anaweza kuuza mzao mgonjwa na asijue.

Dalili yenyewe ni rahisi kuikosa. Mbwa amelala ubavu, macho yameanza kufumba, usingizi bado haujamchukua. Ghafla shingo, mabega na miguu ya mbele vinashtuka kama aliyeguswa na waya wa umeme. Anainua kichwa, anatazama huku na huku kama anayemtafuta aliyempiga, anajilaza. Sekunde chache, anashtuka tena. Hana povu, hajikojolei, na akiitwa jina lake anainuka na kutikisa mkia. Siku nyingine mishtuko ni mingi, siku nyingine hakuna. Kwa karibu theluthi moja ya wagonjwa, mwanga unaowaka na kukatika huichochea, mfano wa jua linalopita katikati ya miti huku gari likienda. Na zaidi ya theluthi ya wagonjwa hufika mbele zaidi, wakawa wanaanguka kifafa kamili: mwili kukakamaa, miguu kupiga, povu na mkojo.

Wenye mbwa wengi watasema anaota. Kuota kupo, na kila mtoto wa mbwa huota, lakini ndoto huja usingizi ukishakolea: vidole vinatetemeka, miguu inakimbia hewani, anabweka kwa sauti ya chini, na akiamshwa vyote vinakoma. Mshtuko wa JME huja wakati wa kusinzia, hata macho yakiwa wazi, na una nguvu ya kumwamsha mwenyewe. Usiniambie, nirekodie kwa simu. Simama mahali mwili mzima unaonekana, kuanzia pua hadi mkia, karibu na dirisha, na urekodi dakika mbili au tatu mfululizo. Katikati ya rekodi mwite jina, ili daktari aone kama anasikia. Video moja ya namna hiyo ina faida kuliko maelezo ya nusu saa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Katika nchi zetu mtoto wa mbwa anayerukaruka misuli hupewa haraka jina la distempa, ugonjwa wa virusi ambao mbwa huchanjwa dhidi yake, na kwa haki, kwa sababu distempa ipo kila mahali na inaua. Lakini distempa huja na mizigo yake: homa, matongotongo mazito, makamasi, kikohozi, kuharisha, mara nyingine ngozi ya nyayo na ya pua kuwa ngumu. Mtukutiko wake wa misuli una mdundo kama wa saa, hukamata sehemu ile ile, tuseme taya au mguu mmoja, na huendelea hata mbwa akiwa amelala fofofo. Wa JME hauna mdundo, hupungua mbwa akicheza, na mtoto mwenyewe anakula, ananenepa, hana homa.

Jina hilo lina matokeo. Mtoto akiitwa wa distempa, huchomwa sindano ya kumlaza milele, banda likapigwa dawa, watu wakalaumu chanjo. Wazazi hawaguswi, maana distempa haiwahusu. Jike akiingia joto tena baada ya miezi sita au zaidi, anarudishwa kwa dume yule yule. Kwa namna hiyo ugonjwa unazikwa na mtoto mmoja na kufufuka kwa wenzake, na hakuna aliyedanganya.

Kabla ya kufikiria vinasaba, hata hivyo, yapo mambo ya kuondolewa kwanza, na la kwanza kabisa ni kichaa cha mbwa. Mbwa asiyechanjwa aliyebadilika tabia, anayetoa mate mengi, ambaye sauti yake imebadilika, asishikwe na mtu yeyote. Afungiwe na daktari wa mifugo aitwe. Mwenye kichaa huzidi kuharibika na hufa ndani ya siku chache, kwa kawaida hazifiki kumi. Mwenye kifafa, shambulio likipita, hurudi kuwa yule yule baada ya dakika au saa kadhaa. Aliyeumwa, iwe na mbwa gani, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo.

La pili ni sumu. Dawa ya josho iliyokusudiwa ng'ombe, ikichanganywa kwa kukadiria na kumwagiwa mtoto wa mbwa, inatosha kumtia degedege. Chambo cha sumu kilichotegewa fisi au panya pia. Tatu, sukari kushuka: mtoto mdogo aliyejaa minyoo, aliyelala njaa, hulegea kisha hutetemeka. Kipimo cha sukari cha binadamu kinatosha kuonyesha, na ikiwa chini ya milimoli 3.3 kwa lita, mpake asali au sukari iliyoloweshwa kwenye fizi, kisha kwa daktari. Nne, mishipa ya damu inayokwepa ini, ambayo mtu huiotea kwa sababu mtoto hulewa au kuanguka baada ya kula, hasa nyama. Na wenye mbwa wa jamii ya Collie niwakumbushe kwamba wengi wao wana kasoro nyingine ya kurithi, katika kinasaba cha ABCB1, inayofanya aivamektini, dawa ya minyoo na upele, iingie ubongoni. Kiasi cha dawa hiyo ambacho mbwa wa kawaida mwenye upele hukistahimili kinaweza kumlaza Collie kwa kutetemeka na kupoteza fahamu. Kasoro hiyo nayo ina kipimo, na kifanywe kabla ya sindano.

Turudi kwa Ridgeback. Mbwa mwenye nakala moja ya kasoro na nakala moja nzima huitwa mbebaji. Haugui na hataugua JME. Mbebaji akipandishwa na mbebaji, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua, mbili kati ya nne ya kuwa mbebaji, na moja ya kuwa huru. Mzao wa watoto wanane, kwa wastani, unatoa wagonjwa wawili, wabebaji wanne na huru wawili. Neno wastani ndilo linalopoteza watu. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, bado mzao mmoja kati ya kumi wa watoto wanane hautakuwa na mgonjwa hata mmoja. Ukiwa wa watoto wanne, karibu mmoja kati ya mitatu. Kwa hiyo kauli ya mfugaji kwamba “huyu jike ameshazaa na watoto wote wazima” haithibitishi chochote.

Kuchukua sampuli hakuhitaji mtaalamu wa mbali, kunahitaji uangalifu. Maabara hukubali vijiti vya pamba au vibrashi vilivyosuguliwa ndani ya shavu, au damu. Kwa shavu, mbwa asile kwa saa moja. Mtoto anayenyonya atengwe na mama kwa saa mbili, kwa sababu maziwa na mate ya mama yana seli za mama, na maabara itasoma mama badala ya mtoto. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, maana majibu yatakuja yakiwa mazuri na safi, ila ni ya mbwa mwingine. Mpe maji anywe kidogo. Ingiza kijiti kati ya shavu na fizi, sugua kwa nguvu huku ukikizungusha, sekunde 30, kisha kijiti cha pili upande wa pili. Unatafuta seli za ngozi ya shavu, na kijiti kilicholowa mate tu kinarudishwa kwamba hakina DNA ya kutosha. Viache vikauke hewani, kivulini, bila kugusana, kisha vitie kwenye bahasha ya karatasi. Ukivifunga kwenye plastiki vikiwa vibichi, kwa joto letu vitaota ukungu njiani. Nawa mikono kabla ya kumgusa mbwa anayefuata.

Kwa damu, mililita moja au mbili zinatosha, kwenye chupa yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, ile ya kifuniko cha zambarau. Isiwe ya heparini, kwani heparini huvuruga kazi ya kunakili DNA. Maabara nyingi zinazofanya kipimo hiki ziko Ulaya na Marekani, na kijiti kikavu husafiri kwa posta kirahisi kuliko damu.

Namba ya mikrochipu, kile kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa kumtambulisha, iandikwe kwenye bahasha kabla ya kijiti kuingia mdomoni, na daktari anayechukua sampuli aisome mwenyewe kwa mashine. Cheti chenye jina la “Simba” peke yake hakina maana, kwa sababu Simba wako wengi. Mnunuzi naye alinganishe namba ya cheti na ya mbwa aliye mbele yake.

Wapo wafugaji wanaosema watoto wao ni huru kwa kuwa wazazi wote wawili wamepimwa huru. Hoja hiyo ni sahihi, mradi baba ni yule anayetajwa. Katika nyumba zetu mbwa hufunguliwa usiku, na jike mwenye joto anaweza kupandwa na madume wawili katika siku tatu, mzao mmoja ukawa na baba wawili. Palipo na shaka, watoto wapimwe wao wenyewe.

Majibu yakija, huandikwa N/N kwa aliye huru, N/JME kwa mbebaji na JME/JME kwa mgonjwa. Mbebaji asihasiwe kwa pupa wala asitupwe. Mbebaji mwenye umbo jema, tabia tulivu na nyonga nzuri apandishwe na aliye huru, watoto wote wapimwe, na kizazi kijacho kichaguliwe kutoka kwa walio huru. Hakuna atakayeugua JME kwenye mzao huo. Tukiwaondoa wabebaji wote siku moja, tunabaki na mbwa wachache zaidi wa kuzalisha, undugu unazidi, na kasoro nyingine iliyojificha inapanda juu. Wakati huo huo isisahaulike kwamba dume mbebaji aliyepandisha majike kumi huru, watoto wanane kila mmoja, ameacha wabebaji kama 40 nyuma yake. Ndiyo maana madume ndio wa kupimwa kwanza.

Wafugaji wa Ridgeback wana desturi nzuri ambayo kipimo hiki kinaifuata vizuri. Siku za mwanzo baada ya kuzaliwa huikusanya ngozi ya shingo na mgongo kwa vidole na kupapasa kama kuna uzi mgumu uendao ndani, ile kasoro ya tundu la ngozi inayowasumbua mbwa hawa. Anayejali kupapasa kila mtoto kwa vidole ana moyo wa kusugua mashavu ya wazazi wawili.

Hapa nitoe tahadhari kwa wenye mbwa wa aina nyingine, kwa sababu biashara ya vipimo imekua. Kwa German Shepherd na Labrador, ambao ndio wengi kwetu, hakuna kipimo cha vinasaba kilichothibitishwa cha kutabiri kifafa cha kawaida. Kwao ni vinasaba vingi vidogo vinavyochangia pamoja. Ukinunua kipimo chenye orodha ya magonjwa mia mbili na majibu yakawa mazuri yote, mbwa wako bado anaweza kuanguka kifafa kesho. Kwa Malinois na ndugu zake wa Ubelgiji, kasoro ya kinasaba ADAM23 huongeza hatari, lakini wapo wengi wenye nayo wasiougua. Silaha ya aina hizi ni kumbukumbu: kifafa chao huanza kwa kawaida kati ya miezi 6 na miaka 6, kwa hiyo dume aliyefikisha miaka minne au mitano bila kuanguka ni bora kuliko kijana wa mwaka mmoja, na ulizia ndugu zake wa tumbo moja kabla hujauliza vikombe alivyoshinda. Aliyeanguka asizalishe. Wazazi waliotoa mgonjwa wasikutanishwe tena.

Anayesoma mitandaoni atakutana pia na habari kwamba kifafa cha watoto wa mbwa hupona chenyewe. Ni kweli kwa Lagotto Romagnolo, mbwa wa Italia wa kutafuta uyoga wa ardhini: huanza wiki ya 5 hadi ya 9 na kwa kawaida huisha kabla ya miezi minne, na kinasaba chake, LGI2, kilitajwa mwaka 2011. Si kweli kwa Ridgeback. Usisubiri.

Mbwa akianguka, tazama saa. Ondoa viti na mawe karibu yake, zima redio, punguza taa. Usitie mkono wala kijiko mdomoni, mbwa hamezi ulimi wake, atakung'ata bila kujua. Usimmiminie maziwa, yataingia mapafuni. Shambulio likizidi dakika 5, au yakiwa mawili au zaidi ndani ya saa 24, ni dharura. Mwili huchemka kwa kukakamaa, hivyo mloweshe maji ya kawaida tumboni na kwenye nyayo mkiwa njiani kwa daktari.

Dawa ipo. Fenobabitali huanzishwa kwa miligramu 2.5 hadi 3 kwa kila kilo, kila baada ya saa 12. Mbwa wa kilo 36 anapata miligramu 90, yaani vidonge vitatu vya 30. Wiki mbili za mwanzo atayumba, atakula sana, atakunywa na kukojoa sana. Baada ya siku 14 damu ipimwe, kiwango kiwe kati ya miligramu 15 na 40 kwa lita, na ini lichunguzwe kila miezi sita. Mtoto wa Ridgeback anaongeza kilo haraka, na dozi iliyotosha kwa kilo 12 haitoshi kwa 20. Kabla ya kusema dawa imeshindwa, mpime uzito. Kosa la pili ni kuishiwa. Kuikatisha ghafla huleta mashambulio yasiyokoma, kwa hiyo kidonge kipya kinunuliwe cha zamani kikiwa kimebaki cha wiki moja. Kwa mishtuko ya JME daktari anaweza kuchagua levetirasetamu, miligramu 20 kwa kilo, na hiyo hutolewa kila saa 8. Mwenye kazi ya kutwa ajiulize nani atampa mbwa dawa ya saa nane mchana. Dawa hizi zote ni za kuandikiwa na daktari.

Ninachoomba kwa wauzaji ni mstari mmoja katika tangazo: JME ya baba, JME ya mama, tarehe, namba za mikrochipu. Kwa wanunuzi, makubaliano ya maandishi kwamba mtoto akianza kushtuka kabla ya miezi 18 mfugaji ataarifiwa na hatakasirika. Na mfugaji aweke daftari lenye namba za simu za wote walionunua mzao huo, kwa sababu siku mtoto mmoja akithibitika kuwa mgonjwa, wenzake saba wako katika nyumba saba, na kati ya wale watakaobaki wazima, wawili kwa kila watatu ni wabebaji wanaosubiri kupandishwa.

Wako,
Daktari wa mifugo,
Arusha